Mstari Ambao Wifi Hakuuvuka

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amefika mchana na sanduku moja, mwavuli mmoja na sauti yake ileile ya kuita watu walio ng'ambo ya barabara. Anasema bati la nyumba yake limeoza na masika haya hatayaweza peke yake. Binti yangu alimkubalia kwa simu kabla hajaniuliza. Aliponiambia, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Nikaongeza blanketi. Kitanda kilikuwepo, na sababu ya kukataa ninayoweza kuirudia mbele ya mtoto haikuwepo.

Sababu yenyewe naiandika humu, kwa kuwa humu ndimo ninamoweka yale ambayo gazeti la kanisa halitachapisha. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Siku tuliyomzika, uani, waombolezaji wote wakisikia, alininyooshea kidole akasema: "Vitabu vya huyu mwanamke ndivyo vilivyomuua mdogo wangu." Mimi, niliyejibizana na maaskofu gazetini, niliyewahi kushambuliwa mimbarini Jumapili mbili mfululizo nikajibu zote mbili, sikupata neno. Ndiyo mara pekee maishani mwangu. Tangu hapo tunasalimiana kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeshika. Chumba cha wifi kinavuja. Kinavuja tangu mwaka jana, ila hakuna aliyekuwa analala humo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimempa beseni.

Nikamwambia ahamie chumbani kwa binti. Akakataa. "Mwache mtoto apumzike, anashinda juu ya ngazi za watu na nyaya mkononi. Mimi na beseni tutazoeana."

Ijumaa, 7 Machi

Maharage. Mvua. Maharage.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani tumepata meza mpya ya madhabahu, mbao nzito, bado inanukia maranda. Itawekwa wakfu masika yakiisha. Inasubiri kitambaa, na kitambaa ni cha wifi. Alikuwa fundi cherehani kabla hajafunga duka. Nusu ya wanawake wa usharika wetu waliolewa ndani ya nguo zake. Aliahidi kitambaa hiki mwenyewe, akakishona, akakidarizi kwa mkono, na kila mtu anajua kimekwisha zamani. Kimo ndani ya lile sanduku.

Mama Mwenyekiti wa akina mama alimsubiri mlangoni. "Dada, kitambaa chetu?"

"Bado."

"Bado nini, na uzi wa mwisho uliukata mwaka jana?"

"Bado," akasema wifi, akafungua mwavuli usoni mwake.

Kiburi tu. Anataka kubembelezwa kama bibi harusi. Lakini lazima nikiri, sijawahi kumwona mtu akimnyamazisha Mama Mwenyekiti kwa neno moja. Mimi huwa natumia aya tatu.

Jumanne, 11 Machi

Wifi husoma Maandiko kila asubuhi mezani jikoni, kabla ya chai, miwani puani, midomo ikicheza. Na kila asubuhi ni ukurasa uleule, pale kwenye mahubiri ya mlimani, alipoweka ukanda wa kitambaa cha bluu kuwa alama. Nimejizuia tangu alipokuja. Leo nimeshindwa.

"Wifi, huo ukurasa umegandia?"

"Sijaumaliza."

"Ni ukurasa mmoja."

"Wewe unasoma kama mtu anayekimbiza basi. Mimi sivuki mstari mpaka niufanye. Ndiyo sheria yangu."

"Sheria hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye cherehani. Hushoni mkono kabla bega halijakaa. Ukilazimisha, nguo inakaa kama gunia."

Nikaketi. Nilitaka kumkosoa nikajikuta namhoji. Pale penye wenye rehema, alisema, alikwama mpaka alipompelekea sabuni gerezani kijana aliyemwibia cherehani. "Alidhani nimetumwa na polisi. Siku ya tatu ndiyo aliipokea." Siku hizi kijana ni huru na wakikutana njiani humbebea mizigo. "Nami naitazama mizigo sana," akaongeza. Pale penye chumvi alikosea. Alidhani anaambiwa awe mkali, akaenda kwenye kamati ya ujenzi akawapa ukweli wote aliokuwa nao. Wakamtoa.

"Hapo ungesoma na maneno yanayofuata," nikasema. "Chumvi hailiwi peke yake, na bakuli la chumvi tupu si chakula. Umetumwa uingie kwenye sufuria."

Akanitazama juu ya miwani. "Mbona hukuniambia mwaka ule?"

"Hatukuwa tunaongea."

"Ndiyo," akasema. "Hatukuwa."

"Na wanaoomboleza?"

"Hapo sikukaa. Nilikuwa na msiba wangu tayari." Akageuza kikombe. "Kwa wapole ndiko nilikolala mwaka mzima. Usicheke. Wewe ungekaa miwili."

Sasa yuko kwenye fungu la yule mtu aliyeleta sadaka yake hadi madhabahuni, akakumbuka kuna ndugu mwenye kinyongo naye. Anaambiwa aiache sadaka hapohapo, aende kwanza kupatana, ndipo arudi aitoe. Hapo amekwama kuliko mahali pengine pote.

Kumbe ndiyo siri ya kitambaa. Si kiburi. Kuna mtu ana kinyongo naye, na mpaka wapatane hatakipeleka.

"Ni nani?"

"Nipe sukari."

Nadhani ni yule fundi wa mtaa wa pili waliyenyang'anyana wateja. Yule mama ana kinyongo hata na jua likimchomozea jirani kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala nikimfikiria. Kwa kila kanuni ninayoijua, ule ni usomaji mbaya. Maandiko ni nguo nzima, huwezi kuvaa kishikizo. Nimepigana miaka yote na wanaofungua Kitabu wakiwa wamefumba macho, wakaweka kidole na kusema Mungu amesema. Na wanaobandika mstari kwenye kioo cha gari kisha wakaendesha kama waliofukuzwa mbinguni. Lakini nimekaa na wasomi, wenye lugha za kale na makabati ya vitabu, na sikumbuki hata mmoja aliyempelekea mwizi wake sabuni. Nami nimo kwenye hesabu hiyo.

Jumatano, 19 Machi

Leo wifi ameniomba nimfundishe. Naandika alivyosema, maana sikutarajia kuyasikia kutoka kinywani mwake: "Wewe msomi, nieleze hapa. Mwenye kinyongo akikataa kupatana, sadaka inakuwaje?"

Nikasimama na mwiko mkononi nikatoa somo. Nilikuwa nimewaka. Nilimwambia atazame kwanza nani anayetumwa: siyo aliyekosewa, ni yule anayedaiwa kosa, ndiye anayeinuka na kwenda. Atazame pia kwamba ibada inasimamishwa. Wimbo unakatwa, moshi unaachwa ukipaa peke yake, kwa sababu ya watu wawili tu. Hivyo ndivyo Mungu anavyopima ugomvi wetu mdogo. Kisha nikafika kwenye swali lake.

"Aliyekosewa akifuatwa, akaombwa kwa moyo mweupe, naye akang'ang'ania kinyongo chake, basi yeye ndiye anayesimama mlangoni kwa Mungu akimzuia mwenzake asiingie. Hana tofauti na bawabu mlevi. Nyumba si yake, karamu si yake, na bado anafukuza wageni."

Wifi alikuwa ameacha kukata vitunguu. "Rudia hiyo ya bawabu."

Nikarudia. Mwandishi gani akiombwa kurudia hakatai?

"Iandike hiyo gazetini," akasema. "Usipunguze."

Jumapili, 30 Machi

Makala imetoka, bawabu akiwa kwenye kichwa cha habari. Mchungaji ameisoma mimbarini, akanisifu. Wifi alikaa nyuma kabisa. Nilipogeuka kumwangalia alikuwa ameinama, anachezea kishikizo cha koti.

Jumatano, 2 Aprili

Beseni mbili sasa. Amezitofautisha: moja anaiita soprano, nyingine besi.

Jumapili, 6 Aprili

Mama Mwenyekiti amekuja nyumbani baada ya ibada, amelowa, na hakukaa.

"Dada, meza inawekwa wakfu tarehe kumi na nane mwezi ujao. Sema moja. Kama hakipo, tutanunua cha dukani."

"Cha dukani!" Wifi akaruka kama aliyetukaniwa mama. "Kile cha nailoni, kina maua kama pazia la bafu?"

"Basi lete chako."

"Bado."

"Hata nailoni inamtukuza Mungu, dada. Na jambo jingine, lenye heri. Tulisikia bati lako limeoza. Akina mama wametafuta mabati, mapya, yako kwangu. Mvua ikipungua tu vijana wa kanisa watakuja kwako kuezeka."

Chai ikampalia wifi. Alikohoa mpaka binti akampiga mgongoni. Nikadhani ni furaha.

Mgeni alipoondoka nilijikuta namtetea wifi kwa binti. Nilisema: yule shangazi yako anaweza kupokonywa heshima aliyoifanyia kazi kwa vidole vyake, na bado hatoi sadaka yake kabla ya kupatana na mtu. Huo ndio ufahamu wa Maandiko! Wengine tunaufahamu kwa kalamu. Binti akasema, "Mama, una homa?"

Alhamisi, 10 Aprili



Binti amerudi mapema. Alikuwa amepita kwa shangazi yake kukagua nyaya, kwa kuwa maji na umeme havina undugu. Akasimama katikati ya jikoni, bisibisi bado mfukoni.

"Shangazi, nimepanda hadi darini kwako."

Wifi akaendelea kuchambua maharage.

"Ni kavu. Kuna vumbi. Vumbi, shangazi, kwenye mvua hii! Nimepiga chafya mpaka nikateremka. Umetoka kwenye nyumba kavu kuja kulala na beseni mbili?"

Nikawaka. Ninapowaka kwenye makala nina muda wa kuchagua maneno. Leo yalichaguana yenyewe. Nikamwita mwongo. Nikamuuliza anasomaje Neno kila asubuhi mezani kwangu na huku amelala juu ya uongo, na mabati ya watu yanamsubiri.

"Nimedanganya, ndiyo," akasema. "Mstari wa uongo sijaufikia."

Binti akacheka, akajiziba mdomo, akatoka nje mvuani.

"Kwa nini?" nikauliza.

Akasukuma sinia la maharage pembeni. "Ni wewe, wifi. Mwenye kinyongo nami ni wewe. Kila nikikishika kile kitambaa nikipeleke, nauona uso wako siku ile uani. Ungenijibu ningelala. Ungenitukana ningelala. Hukusema kitu."

"Ungekuja mlangoni ukasema hivyo."

"Ningekuja? Ungefunga mlango, kisha ungeandika makala."

Nikatafuta pa kumkamata. "Umekaa hapa tangu mvua ianze. Mbona hukusema?"

"Kila nikifungua mdomo nakuta unashinda. Mtu anayeshinda haombwi msamaha, anapigiwa makofi." Sauti yake, ile ya kuita ng'ambo ya barabara, ilikuwa imeshuka hata nikalazimika kuinama. "Mdogo wangu yule nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nilipomzika nilitaka mtu wa kumlaumu, awe hai, awe karibu. Ulikuwa umesimama pale na kitabu kwapani. Basi. Nisamehe."

Bawabu mlevi alikuwa amesimama katikati yetu, amekula, ameshiba. Mimi nilimwona. Yeye pia alimwona, lakini hakumtaja. Angeweza kunisomea makala yangu neno kwa neno na angekuwa ameshinda. Hakutaka kushinda. Kwa hilo nilimchukia zaidi, na nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu.

"Siwezi," nikasema, nikaenda chumbani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Hatusemi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Tunaongea kupitia binti, kama mahakama yenye mkalimani. "Mwambie shangazi yako chumvi imekwisha." Binti ameniambia akilipwa kwa kila neno angeacha umeme.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wifi hakutoka kitini watu walipokwenda mbele. Nilimpita nikaenda. Mkate ulikaa kinywani kama karatasi ya gazeti.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilidhani ataondoka. Nyumba yake kavu, siri imetoka, nani angekaa? Amekaa. Anaamka, anasoma ukurasa wake, anamwaga beseni zake, ananiwekea chai na kuifunika kisahani isipoe. Haniombi tena wala haninunii. Nimesoma vitabu vingi juu ya uvumilivu, vingine vinene. Hakuna kilichonifunikia chai.

Kuhusu kile kitabu kwapani. Macho ya mume wangu yalikuwa yameisha nguvu, na alichotaka, kuliko dawa na kuliko supu, ni kusomewa. Nilimsomea asubuhi, nilimsomea alasiri, safari za watu, historia, hata magazeti ya zamani, na Zaburi alipochoka. Siku ya kumzika nilikishika kile ambacho hatukukimaliza, kwa kuwa sikujua nikiweke wapi. Wifi alikuwa anaishi mbali, alifika mwishoni. Alichokiona ni mwanamke na kitabu kando ya mtu anayekufa. Alisoma mstari mmoja wa ndoa yangu akauhubiri.

Usomaji mbaya kabisa! Mstari umeng'olewa mahali pake, bila kilichotangulia wala kilichofuata. Mimi huwa siwaachii wasomaji wa namna hiyo. Huwaandikia kurasa. Na huyu mmoja, ambaye kosa lake lilinichoma kuliko makosa yao wote, sikumpa hata sentensi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo mchana mvua haikunyesha, ilimwagwa. Binti alikuwa kazini. Mimi sebuleni, wifi jikoni. Tukasikia mlio kama gunia limeangushwa, kisha maji.

Kipande cha dari la chumba chake kilikuwa kimelala juu ya kitanda, na maji yenye rangi ya chai yanamiminika kwenye sanduku lililokuwa chini ya dirisha. Sijui nilifikaje kabla yake. Nililiburuta hadi ukumbini, nikalifungua. Alikuwa amekifunga kitambaa kwa nailoni, lakini maji ni mjanja kuliko fundo.

Hapo ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza. Kitani cheupe, kirefu kuliko ukumbi wetu. Pindoni masuke ya ngano na vichala vya zabibu, kila punje imejazwa uzi wa rangi mbili ili ionekane mviringo. Ukigeuza upande wa pili, ambao hakuna atakayeuona, hakuna fundo hata moja. Na kwenye pembe moja doa la kahawia, pana kama kiganja.

Wifi akafika, akaliona, akaketi sakafuni.

"Kimekwenda," akasema.

"Hakijaenda. Inuka. Tufanye nini?"

"Wewe hujawahi kufua kitani."

"Ndiyo maana nakuuliza!"

Akainuka. Maji baridi, akasema, na sabuni. Nikaanza kusugua, akanipiga kofi mkononi. "Usisugue! Unataka kulisukumia ndani? Gonga. Gonga kwa vidole, kama unaamsha mtoto." Nikagonga. Tulibadili maji, tukagonga tena, mvua ikipiga bati hata tukawa tunapiga kelele. Doa likapauka, likapauka tena, likafika mahali likakataa.

"Sasa tukivute," akasema, "kikikauka hivi kitapinda. Shika ncha."

Nikashika ncha zangu, yeye zake, tukarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka kati yetu, yeye mlangoni kwa jikoni, mimi mlangoni kwa sebule. Kitani kibichi ni kizito. Ukilegeza wewe, mwenzako anaona.

Nikasema kutoka mwisho wangu wa kitambaa: "Kile kitabu kilikuwa chake."

"Nini?"

"Siku ile! Kile kitabu kilikuwa cha mdogo wako! Nilikuwa namsomea!"

Nikamweleza yote, nikipaza sauti juu ya mvua, bila aya wala mpangilio: macho yake, alasiri zile, namna alivyokuwa akisema "rudia hapo" kwenye sehemu za kuchekesha, ukurasa tuliokomea. Wifi hakulegeza mkono. Machozi yalimshuka akayaacha, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Na mimi nikasema vile," akasema.

"Ulisoma mstari mmoja."

"Nilisoma mstari mmoja." Akavuta pumzi. "Ulimsomea mpaka lini?"

"Mpaka hakuwa anasikia. Na baada ya hapo kidogo."

Kisha akasema tukikunje. Kukunja kitambaa kirefu ni kazi ya watu wawili kukaribiana. Hakuna namna nyingine. Unakuja hatua moja, mwenzako anakuja, ncha zinakutana. Unashika mkunjo mpya, unarudi, unakuja tena. Kila mara njia inafupika. Mara ya mwisho vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, vyote vimekunjamana kwa maji.

"Sema kwa mdomo, wifi," akasema. "Nisije nikadhani."

Mimi mwenye maneno. "Sina kitu juu yako tena."

"Kabisa?"

"Nimeacha mlango. Bawabu ameacha kazi."

Akacheka, cheko lile la ng'ambo ya barabara, mpaka ikabidi akiweke kitambaa mezani kisidondoke.

Jumapili, 18 Mei

Meza imewekwa wakfu. Jua lilitoka katikati ya wimbo wa pili, kana kwamba lilialikwa. Wifi alitembea na kitambaa mikononi, polepole, kanisa zima limesimama, akakitandaza kwa mkono mmoja wa kifundi, kikaanguka sawasawa pande zote bila kuguswa tena. Nilimsikia mwanamke nyuma yangu akisema "Yesu wangu" kwa namna ambayo haikuwa mazoea.

Mama Mwenyekiti aliinama, akachungulia pembe. "Dada, mbona kuna kidoa?"

"Muulize mwandishi. Ni dari lake."

Nilikwenda mbele. Nilikula. Mkate ulishuka.

Alhamisi, 22 Mei

Asubuhi hii ukanda wa bluu umesogea! Nilipiga makofi jikoni kama mtu aliyeona treni ikianza safari.

Akasoma linalofuata, la kupatana upesi na mshitaki wako mkiwa bado njiani. "Hili limekwenda na lile. Nimelilipia kwa pamoja." Akashuka hadi penye uzinzi, akatafakari. "Hapa umri umenisaidia." Akaenda hivyo, akivuka hiki na kile, mpaka mahali panaposema ndiyo yako iwe ndiyo na siyo yako iwe siyo. Akavua miwani.

"Mabati," akasema.

"Mabati," nikasema.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya ibada wifi alisimama mbele ya akina mama, mikono kiunoni, akasema nyumba yake haikuwahi kuvuja, alidanganya ili apate kulala kwa wifi yake na kupatana naye, na hajui kama Mungu ana jina la dhambi ya namna hiyo. Mama Mwenyekiti akavuta hewa ya hotuba. Kisha mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo ulikwenda kwenye nyumba inayovuja?"

"Sana."

Walicheka mpaka mchungaji akatoka ofisini. Jumamosi mabati yanakuja kwangu.

Jumatatu, 9 Juni

Bati jipya linang'aa hata majirani wanalalamika. Wifi ameondoka leo na sanduku lake. Nilimshika mlangoni nikamwambia amebakiza masika ya kutosha kwenye ukurasa ule, maana mbele kuna shavu la pili, na baada ya shavu kuna kuwapenda adui.

"Adui wangu alikuwa mmoja," akasema. "Wewe wako wamejaa gazeti zima."

Amenikatia ukanda kutoka kwenye masalio ya kile kitani. "Anza mwanzo wa mahubiri. Usiruke."

Jumatano, 18 Juni

Mawingu yamekwisha. Chumba cha wifi ni kikavu, na kimya chake sikipendi. Nimezitundika beseni ukutani, soprano na besi.

Maskini wa roho nilikaa nao siku chache. Nilijidanganya kwamba nimewamaliza, nikarudi. Sasa ukanda wangu mweupe uko kwa wapole. Nimejaribu Jumatatu, na mtu wa ofisi ya ardhi akanishinda kufikia saa nne. Nimejaribu jana, na Mama Mwenyekiti akapiga simu.

Kuna mhubiri ametoa kijitabu dhidi ya makala yangu ya bawabu. Kimejaa makosa, mengine matamu kabisa. Kila ukurasa unaniita kama sinia la chakula cha moto. Mhariri amenipigia asubuhi. Amenitengea kurasa mbili nzima, anasema wasomaji wanasubiri, na anauliza jibu langu liko wapi.

Nimemwambia: bado.